Mzee Hatibu Hakuita

Kwa miaka ishirini na mitano mzee Hatibu alikula kwa kisu kilichokuwa kifupi kuliko kidole chake cha shahada. Alikuwa ngariba, mtahiri wa watoto wa kiume. Kuanzia Ngamiani mpaka Tongoni, na kusini huko mpaka Mkwaja, walikuwako wanaume wazima, wenye ndevu zao na maduka yao na wake wawili wawili, ambao wakimwona anakuja kwa mbele walibana mapaja bila kujijua. Kisha wakamwamkia kwa adabu kubwa na kumpisha njia.

Kazi hiyo ikafa, na haikufa kwa kuuawa na mtu. Kina baba walianza kuwapeleka watoto hospitali. Mtoto anachomwa sindano ya ganzi, anakatwa huku akiuliza watakula nini, jioni yuko kwao. Nani tena atajisumbua kujenga kumbi la jando porini, awalishe wari waliotahiriwa mwezi mzima na kukodi ngoma? Misimu mitatu ikapita mzee Hatibu hajaitwa hata mara moja. Mwaka wa hamsini na sita, akiwa na miaka arobaini na saba na mvi za kutosha kusalisha watu, alivaa kanzu safi akaenda Barabara ya Saba, kwenye karakana ya Idarusi, kuomba afundishwe umeme.

Idarusi alikuwa mtu wa Pangani, hajafika arobaini, aliyejifunzia umeme jeshini wakati wa vita. Alirudi na koti la kaki, suruali mbili na ufundi, na kati ya vyote hivyo ufundi ndio uliodumu. Siku hizo nyumba za mjini zilikuwa zikiingizwa taa moja baada ya nyingine, na mikono ya kutandaza nyaya haikutosha.

"Mzee wangu," Idarusi alimwambia, "hawa wanafunzi wangu ni watoto wako. Utakubali wakwamrishe?"

"Maji nishayavulia nguo," mzee Hatibu akajibu. "Yaliyobaki ni kuyaoga."

Alijibu vizuri, lakini kujibu si kuoga. Wiki ya kwanza alibebeshwa ngazi kutoka karakana mpaka sokoni, mchana kweupe, na wanawake waliokuwa barazani wakisukana nywele waliacha kusukana. "Si ngariba yule?" mmoja akasema, wala hakujisumbua kushusha sauti. "Leo kabeba ngazi, au anakwenda kuitahiri minazi?" Mzee Hatibu aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Akashusha kofia usoni, akaongeza mwendo, na ngazi ikamgonga mwuza kahawa.

Humo karakana mambo yalikuwa hayo hayo. Kulikuwa na Luka, Mbondei wa Maramba, mtani wa watu wote, aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akilipwa. Siku mzee alipofundishwa kumenya waya, yaani kuondoa lile ganda la mpira ili shaba itokeze, aliushika waya kwa vidole viwili, akazungusha kisu mara moja tu, ganda likatoka zima kama pete na shaba haikupata hata mkwaruzo. Wanafunzi wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kufanya hivyo kwa mwaka mzima.

"Jamani," Luka akasema, "waya umekuwa mwanamume leo! Leteni wali!"

Walicheka mpaka wakashika matumbo. Hata mzee Hatibu alicheka kidogo, kwa vile alijua kwamba mtani hana kesi. Lakini usiku ule hakula, na mkewe, Bi Sabiha, alipomwuliza kulikoni, alisema jino.

Aliyemsitiri humo ndani alikuwa Sadalla. Huyu ndiye mwanafunzi mkubwa wa Idarusi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mtaratibu, mtoto wa Chumbageni. Kila asubuhi alimwamkia mzee kabla ya mwingine yeyote. Alipoona mzee amechanganya nyaya hakumsahihisha mbele za watu. Alingoja wenzake watoke, kisha akasema, "Mzee, nadhani huu mwekundu unakwenda huku," kama mtu ambaye naye hana hakika. Kwa adabu hiyo ya Sadalla mzee Hatibu alijifunza kwa miezi saba zaidi ya aliyojifunza kwa makelele ya Idarusi. Wala hakumshukuru hata siku moja. Aliona ni haki yake, kwa kuwa Sadalla naye alipita mkononi mwake.

Alipita katika kumbi la Tongoni, mwaka wa arobaini na mbili, akiwa na miaka tisa. Na Sadalla alilia.

Ni lazima nieleze hapo, maana vijana wa sindano hawatanielewa. Kumbini mtoto halii. Akilia, anayeaibika ni mama yake zaidi kuliko yeye. Mama yuko nje ya ua wa makuti pamoja na wanawake wenzake, anangoja, na kama sauti ya mwanawe imesikika, atatungiwa wimbo na kuimbwa kila ngoma mpaka azeeke. Siku ile Sadalla alipofungua kinywa, mzee Hatibu aliuinua wimbo mwenyewe kwa sauti ya juu, wapiga ngoma wakadakia, kilio kikafunikwa. Alipotoka nje alisema, "Huyu kidume!" Vigelegele vikapigwa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya wari huijua ngariba. Katika wanaume aliowakata, mzee Hatibu aliwakumbuka wote waliolia, kwa majina na kwa viti walivyokalia, na hakuwahi kumtaja hata mmoja. Kwa hilo peke yake alistahili heshima aliyopewa.

Sasa Idarusi alikuwa na sharti moja kubwa kuliko yote. Mtu asiyelishika hata awe mwanawe wa kumzaa hakai karakanani kwake. Anayesimama kwenye meni swichi, ile swichi kubwa ya nyumba nzima, haiteremshi kuwasha umeme mpaka aite, "Nawasha!" Na haiteremshi bado, mpaka aliye kwenye nyaya ajibu, "Washa!" Asipojibu, ita tena. Asipojibu tena, nenda ukamtazame. "Umeme haukupi nafasi ya kuomba radhi," Idarusi alikuwa akisema, na alilisema hilo kila Jumatatu kabla ya kazi, mpaka Luka akawa analiimba.

Mzee Hatibu alilijua sharti hilo kwa kichwa. Taabu ni kwamba mkono wake ulikuwa umesomea chuo kingine. Ngariba mzuri haiti. Ngariba akisema "nakata," mtoto atashtuka na kisu kitakwenda kusikotakiwa, na hiyo ni damu ya mtu. Ngariba huzungumza habari za kunguru na habari za ubwabwa, huku mkono unakwenda wenyewe, kimya. Robo karne mkono ule ulikuwa umefundishwa kutotoa taarifa. Mazoea yana taabu, hayaulizi kama umebadilisha kazi.

Jumanne moja walikuwa nyumbani kwa mfanyabiashara wa nazi, nyumba mpya ya vyumba sita. Nyaya zote zilikwisha tandazwa. Idarusi alikuwa uani na mwenye nyumba, Luka amekwenda kuleta globu. Sadalla alikuwa chumba cha mbele, juu ya ngazi, akifunga taa ya mwisho darini, na mzee Hatibu alikuwa kwenye ushoroba mbele ya meni swichi, ameshusha mikono, anangoja. Alisikia ngazi ikikwaruza sakafu. Akadhani kijana ameshuka. Akawaza kwamba leo Idarusi atafurahi, kazi imekwisha mapema, na huku anawaza hayo mkono ulipanda ukaishika swichi na kuiteremsha. Kimya.

Alichosikia kilikuwa sauti fupi, isiyo ya mtu, kisha ngazi, kisha mwili.

Aliinua swichi akakimbilia ndani. Sadalla alikuwa chini, uso umekuwa wa kijivu, mkono wa kushoto umepindika mahali pasipokuwa na kiungo. Alikuwa hai, anatweta. Idarusi akaingia mbio kutoka uani, na mwenye nyumba nyuma yake.

"Nani kawasha?" Idarusi akapiga kelele. "Mzee, uliita?"

"Niliita," mzee Hatibu akasema.

Neno lilitoka bila kutumwa. Akalisikia likiwa limekwisha kutoka, na badala ya kulirudisha akaliongezea mwenzake. "Niliita, nikajibiwa."

Sadalla alifumbua macho. "Haku—" akaanza, na pumzi ikamwishia.

Mzee Hatibu alipiga magoti upesi upesi, akamwinua kichwa kama mzazi. Kila aliyekuwapo aliona huruma tu. Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio la kijana, akamwambia polepole, "Tongoni, mwanangu. Nani alikunyamazia? Na bado mamako yu hai."

Sadalla akamtazama. Hakukuwa na hasira katika macho yale, hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Kulikuwa na mshangao, kama wa mtoto aliyeambiwa atazame kunguru kisha akakatwa.

"Sadalla!" Idarusi akasema. "Ulijibu?"

"Huenda nilijibu," Sadalla akasema. "Sikumbuki."

Basi yakaisha. Alipelekwa hospitali mkono ukafungwa, na jioni hiyo hiyo Idarusi alitamka hukumu mbele ya wote: mtu anayejibu "Washa" huku vidole vimo ndani ya nyaya atajiua yeye na kumfunga mwajiri wake. Mkono ukipona akatafute kazi pengine. Na kwa kuwa alihitaji fundi mwingine wa kumpeleka kwa mkaguzi wa serikali kupimwa apate leseni, nafasi iliyokuwa ya Sadalla alimpa mzee Hatibu.

"Mwenzenu mzee," Idarusi akawaambia, "lakini sharti kalishika."

Luka alifungua kinywa kutania, akamtazama mzee, akakifunga.

Bi Sabiha alipopata habari za leseni alizunguka nyumba tatu kuzitangaza. Mume wake alikaa mkekani akazisikia dirishani sifa zake zikipita, na akatamani ardhi ipasuke. Miezi saba alikuwa ameona haya ya kubeba ngazi, haya ya kuchekwa na wasukaji, haya ya kufundishwa na watoto. Sasa alijua kwamba zile hazikuwa haya, ulikuwa mchezo. Haya yenyewe ilikuwa hii. Haikumwasha masikio wala haikumtoa jasho. Ilikaa kifuani kama tonge la ugali lililokataa kushuka, na kila aliyempongeza alilisukumia ndani zaidi. Na alijua pia, kwa kuwa hakuwa mjinga, kwamba akisema kweli Idarusi atamfukuza, na mtu wa miaka arobaini na saba ambaye kazi yake ya kwanza imekufa na ya pili ameiharibu hana ya tatu.

Ijumaa akasali, akainuka bila kujua alisali rakaa ngapi. Akanunua ratili mbili za sukari, akavuka reli kwenda Chumbageni. Nia yake haikuwa kubwa. Msimsifu. Alitaka kumwomba Sadalla radhi faraghani, wawili tu, aambiwe "yamekwisha, mzee," arudi zake kwenye leseni yake.

Alimkuta Bi Mwatumu, mama yake Sadalla, ameketi uani anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa mjane, mumewe alikufa mwaka ule ule wa kumbi la Tongoni. Sadalla alikuwa pembeni, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee," Sadalla akasema, kama kila asubuhi.

"Karibu, baba, karibu!" Bi Mwatumu akasema, akausogeza mkeka. "Leo umefanya la maana. Ntume nani akwite, na mie tangu jana nakutaka?"

Mzee Hatibu aliketi. Sukari ikabaki mapajani. "Unanitakia nini, bibi?"

"Huyu mwanangu jana kaniambia neno. Kasema, mama, mie kumbini n'lilia. Kisha akaniangalia, ati angoja nizimie."

Mzee Hatibu akamtazama Sadalla. Kijana alikuwa anatazama kamba ya nguo.

"Nikacheka," Bi Mwatumu akaendelea. "Nikamwambia, wee mwana, mie n'likuwa nyuma ya ua. Sauti yako nisiijue? N'liisikia, n'kakunja kanga n'kaitia kinywani nisilie nami. Eda ya babake ilikuwa ndo kwanza imekwisha. Nikasema, leo wataniimba, na siku hizi sina hata wa kunitetea. Mara nakusikia wewe umeinua wimbo. Nawe sauti huna, baba, nisamehe, lakini siku ile uliimba!" Akacheka tena, machozi yamemlenga. "Umetoka nje, umesema kidume. Miaka kumi na minne hiyo. Hakuna sala niliyoinuka nisikuombee. Nilikuwa nashindwa kukwambia, maana kukushukuru ni kuitaja. Sasa kaitaja mwenyewe. Basi ahsante. Mungu akusitiri kama ulivyotusitiri."

Akaweka chini ukili, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, mkono ule ule.

Mzee Hatibu alimngoja Sadalla aseme. Lingekuwa jambo jepesi kama angesema. Lakini Sadalla hakusema kitu. Alikuwa amemwambia mama yake siri yake mwenyewe tu, na ya mtu mwingine alimwachia mwenyewe. Alikuwa amejivua lile alilokuwa akitishwa nalo, wala hakulitumia kumlipiza mtu. Mzee Hatibu alifahamu hapo kwamba katika nyumba ile mwanamume alikuwa mmoja, na siye yeye.

"Bibi," akasema. "Uniachie mkono."

"Kwa nini?"

"Sikuwasitiri. Nilisitiri miaka kumi na minne, Jumanne nikauza." Akayasema yote, macho kwenye mkeka: swichi, na kutoita, na "niliita, nikajibiwa," na maneno ya sikioni. Aliposema "na bado mamako yu hai," ilimlazimu kuanza tena.

Bi Mwatumu aliuachia mkono. Aliutoa taratibu, kama mtu anayeweka chini chombo cha watu. Kisha akachukua ile sukari mapajani mwa mzee, akaiweka kando ya viatu vyake pale mlangoni, akaingia ndani, akatoka amejitanda buibui.

"Inuka," akasema.

"Niende wapi?"

"Kwa huyo bwana wako. Hayo uliyoniambia mie hayanifai kitu. Kamwambie yeye."

"Kesho asubuhi, bibi, nitakwenda mwenyewe—"

"Sasa."

Walipita Chumbageni wakavuka reli, yeye mbele, mzee nyuma. Watu waliokuwa wakitoka kusali alasiri walimwamkia kwa heshima zao, mmoja baada ya mwingine, na kila "shikamoo" alishindwa kuipokea. Wengine waligeuka wakamtazama, wakidhani ana msiba.

Karakanani walimkuta Idarusi na wanafunzi wake wote. Luka aliinuka akampa Bi Mwatumu kiti. Mzee Hatibu alisimama katikati, akaivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Bwana Idarusi," akasema, "Jumanne sikuita. Niliwasha bila kuita. Kijana hakujibu, kwa kuwa hakuulizwa. Nilisema uongo."

Idarusi alimtazama sana, halafu akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Mzee Hatibu," akasema kwa upole, "mimi nakujua. Huyu mama amekulilia, nawe moyo wako mwepesi. Unataka kujitwika kosa la kijana ili arudi kazini. Kama hukuita, Sadalla si angesema? Nilimwuliza mbele yako. Mtu amevunjwa mkono, halafu amfichie aliyemvunja? Haiwi. Keti, mzee wangu. Mungu akulipe kwa huruma yako."

Wanafunzi wakaguna kwa kumkubali. Mmoja akasema, "Hao ndio wazee." Mzee Hatibu hakuketi. Jibu alikuwa nalo. Lakini kueleza kwa nini Sadalla alinyamaza kulikuwa kumtangaza Sadalla mbele ya wenzake, na mbele ya Luka. Kiapo cha kumbi, kwamba ya ndani hayatoki nje, kilimkaza ulimi. Na chini ya kiapo, ndani kabisa, alihisi kitu kingine kikijinyoosha kwa raha, kikimwambia kwamba sasa amekwisha sema, hakuaminiwa, ana dhambi gani tena? Aliiona nafsi yake ikiikubali njia hiyo. Hajapata kujichukia kama dakika ile.

Bi Mwatumu aliinuka kitini. Akalifunua buibui usoni ili wamwone vizuri.

"Mwanangu alinyamaza kwa sababu huyu alimtisha," akasema. "Alimwambia atasema kuwa kumbini alilia. Basi nasema mie, asitishwe tena mtu. Alilia. Alikuwa na miaka tisa, amefiwa na babake, akakatwa, akalia. Na mie ndiye mamake. Mwenye wimbo wake na aimbe."

Hakuimba mtu. Luka alikuwa ameshika waya na kisu, akaviweka vyote viwili chini.

Idarusi aligeuka polepole. Tabasamu lilikuwa limemtoka lote. "Kweli, mzee?"

"Kweli," mzee Hatibu akasema.

Idarusi akamtuma Luka aende Chumbageni akamwite Sadalla, akamwagizia mama kahawa, akarudi kwenye meza yake ya kazi. Wanafunzi nao wakainamia kazi zao. Mzee Hatibu akaendelea kusimama pale katikati, kofia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia tena akae.